Bomba la Gesare

Walikutana Daraja Mbili, Kisii, siku ya soko, Gesare ameinama chini ya pikapi akichomelea ekzosi, wenye ndizi wakimpigia kelele aondoe miguu njiani. Ovaroli yake ilijaa matundu ya cheche, lakini kilemba alikuwa amekifunga kama anayekwenda arusi. Makori, dereva wa mashindano, alisimama kumtazama mpaka mkungu ukamgonga kichwa.

"Wewe ndiye fundi, ama unamshikia fundi spana?"

"Kama una gari, leta. Kama huna, pisha wateja."

Akaleta gari, na haikuchukua muda akaleta moyo pia. Gari lilikuwa na shida moja: likikimbizwa sana, moshi unajaa ndani ya tumbo la injini na kusukuma oil nje. Gesare akatoa bomba jembamba kutoka tumboni, akalichomelea kwenye ekzosi kwa mshazari, katikati akatia vali inayopitisha hewa upande mmoja tu.

"Moshi wa ekzosi ukitoka kwa kasi, unauvuta na huu wa ndani," akamweleza. "Injini inapumua."

"Kama mimi nikikuona."

"Wewe shika tochi."

Kazi hiyo ilikula Jumamosi tatu. Nyumbani Gesima walidhani Gesare anasali Kisii, maana baba yake, Mzee Mogaka, ni mzee wa kanisa la Sabato na hana mchezo.

Wiki ya mashindano, Makori akahojiwa redioni. Bomba hilo nani alikutengenezea?

"Mimi mwenyewe," akajibu, bila hata kukohoa.

Gesare, aliyemsikia akiwa kazini, alizima mashine ya kuchomelea. Miezi mitano ya "mpenzi" na "malkia wangu", kumbe anafyonzwa akili! Hakumpigia simu kumuuliza. Aliapa atamlipa kwa chuma kile kile, na siku ikajileta yenyewe.

Ijumaa mchana simu ililia. "Malkia, wenye mashindano wanataka kila gari lifungwe sailensa, watu wa huko Manga tutakakoshindania wamelalamikia kelele. Nikifunga, bomba letu litafanya?"

"Letu?"

"Gesare, kuna nini?"

"Hakuna kitu, dear. Funga tu. Litafanya."

Alijua halitafanya. Sailensa huuzuia moshi, vali inajifunga, na tumbo la injini linakosa pa kupumulia. Alilala usingizi mzuri siku hiyo.

Jumapili alipanda Manga kwa gauni jekundu na viatu vipya, akachagua mahali pa kuona vizuri. Kwenye kona ya tatu sili ya injini inayozuia oil ilipasuka, oil ikamwagikia ekzosi ya moto, gari likawaka. Makori aliruka nje nyusi zikiwa zimeungua. Gesare alikuwa ametaka injini yake, si uso wake. Alivua viatu akakimbia.

"Nilijua," akamwambia akihema. "Nilikudanganya makusudi. Uliniibia kazi yangu redioni."

Makori alijigusa nyusi zilizoungua. "Redio inasikika mpaka Gesima. Ningekutaja, baba yako angejua Sabato zako zilienda wapi. Na mwezi ujao nilitaka kumtumia wazee wa posa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Hasira hasara, na hii ilikuwa bado inafuka moshi pale barabarani. Gesare alikwenda moja kwa moja kwa Manasseh, mtangazaji wa redio, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Lile bomba nililichomelea mimi, Gesare wa Mogaka, siku ya Sabato. Makori alinificha nisiaibike. Na leo limemchoma kwa sababu mimi nilitaka liharibike."

Redio ilikuwa hewani. Hazikupita dakika mbili simu yake ikalia, na kwenye kioo pameandikwa Baba.

"Nimesikia," sauti ikasema. "Huyo kijana ameumia?"

"Nyusi tu, Baba."

"Mwambie alete hao wazee. Na wewe, Sabato ijayo utasimama mbele ya kanisa useme hayo yote tena."

Makori, aliyekuwa ametega sikio, alijipangusa oil usoni. "Nitakaa kiti cha mbele kabisa," akasema. "Nataka kusikia vizuri."