Mbuzi Haili, Mbuzi Hashibi

Mwantumu ana mbuzi mdogo, dume. Babu ndiye aliyempa. Anaitwa Kidevu. Kidevu gani sasa, na hana hata udevu mmoja kidevuni!

Kidevu anakula majani. Tafu, tafu, tafu. Anakula maganda ya ndizi. Tafu, tafu, tafu. Juzi alionja pindo la kanga ya Bibi.

Bibi naye ana mbuzi. Lakini mbuzi ya Bibi ni ya mti, ina meno ya chuma. Bibi huikalia akakuna nazi. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mbuzi yangu haili," Bibi hutania. "Mbuzi wenu hashibi!"

Siku moja Mama akajifungua mapacha, Hasani na Huseni. Ngaa! Ngaa! Nyumba ikajaa.

"Watu wameongezeka," Bibi akasema. "Nyuma ya nyumba tulime mahindi."

"Tuache majani, tufuge," Babu akasema. "Watoto wapate maziwa."

"Kidevu ni dume. Utamkamua nini?"

Babu akakohoa. "Na mahindi, je, utayakamua?"

Bibi akalima. Mahindi yakaota, yakakua. Kidevu akapita. Tafu, tafu, tafu! Mstari mzima ukaisha.

"Mbuzi yangu haili! Mbuzi wenu hashibi!" Safari hii Bibi hakucheka.

Jioni Bibi akamwambia Baba, "Kesho kwa Shangazi kuna shughuli. Asubuhi upeleke mbuzi."

Shughuli? Pilau! Mwantumu alijua: mbuzi akienda kwenye shughuli, harudi. Moyo ukamuuma.

Akamficha Kidevu uvunguni mwa kitanda. "Nyamaza, Kidevu. Usiseme mee."

Asubuhi Baba akaja. "Mbuzi yuko wapi?"

"Simtoi!" Mwantumu akaziba mlango.

"Humtoi nani?" Bibi akauliza.

"Meee!"

Kidevu akatoka uvunguni na soksi ya Baba mdomoni. Baba akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba naye hakuelewa! Nilimaanisha mbuzi ya nazi," Bibi akasema. "Shangazi anapika wali wa nazi, ewe mke mwenzangu!" Ndivyo anavyomwita mjukuu wake.

"Kidevu haendi?" Mwantumu akauliza, machozi yakimtoka.

"Aende wapi? Njoo uone."

Wakaenda nyuma ya nyumba. Karibu na banda la Kidevu mahindi yalikuwa marefu, yamempita Mwantumu. Kwingine yalikuwa mafupi, mafupi kabisa.

"Hapa nimeweka nini?" Bibi akauliza.

Mwantumu akainama. Akanusa. Akaziba pua. "Kinyesi cha Kidevu!"

"Ndiyo samadi hiyo. Kidevu akila, mahindi yanakula. Mahindi yakila, Hasani na Huseni watakula."

"Nilisema tufuge," Babu akasema.

"Nilisema tulime," Bibi akasema. "Tukivuna, mabua ni ya Kidevu. Lakini leo afungwe kamba!"

Babu akamfunga kamba. Baba akapeleka mbuzi kwa Shangazi, ile isiyokula. Jioni Shangazi akaleta wali wa nazi, sinia zima.

Mapacha wakalala. Mwantumu akajilaza karibu na Bibi. Nje kukasikika, tafu, tafu, tafu.

"Bibi, Kidevu anakula nini?"

Bibi akasikiliza. "Kamba."

Wakacheka chini ya shuka.

"Mbuzi yangu haili," Bibi akanong'ona. "Mbuzi wetu hashibi."

Wetu! Mwantumu akatabasamu, akafumba macho, akalala.