Ripoti Niliyoiunganisha Mwenyewe Ikamponza Mume Wangu

"Toa funguo za pikipiki. Sasa hivi!"

Meneja alikuwa anamwambia mume wangu. Mbele ya ofisi nzima. Na mkononi kashika ripoti niliyoitengeneza mimi, mkewe!

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze...

Kampuni yetu inasambaza sabuni. Wauzaji wanazunguka madukani, na kila wakifika simu inarekodi duka. Mimi nakaa ofisini, nachukua maduka waliyotembelea, nachukua orodha ya maeneo, nani kapewa wapi, naziunganisha kwenye eksel. Basi.

Sasa siku hiyo Meneja akanisimamia nyuma ya kiti hata sijamaliza.

"Hizi safu nyekundu ni nini?"

Ni mtu kaingia eneo lisilo lake. Na zote za mume wangu. Zote eneo la Mkongwe!

Mkongwe ndiye aliyemfundisha mume wangu kazi. Ndiye aliyesimama naye siku ya harusi yetu.

"Mkongwe, wewe ulimtuma kwenye maduka yako?" Meneja akamuuliza mbele ya wote.

Mkongwe akainamisha kichwa.

"Sikumtuma, bosi."

Mume wangu hakubisha. Akaweka funguo mezani, akatoka.

Nyumbani nikamvaa.

"Huko una mwanamke?"

"Sina."

"Sasa ulikuwa unafuata nini?"

"Mama Pacha, achana na hiyo habari. Nakuomba."

Niachane nayo? Thubutu! Kesho yake nikafungua faili la oda, nikaliunganisha na zile nyekundu.

Weee! Kila oda aliyochukua mume wangu ilikuwa kwa jina la Mkongwe. Hakuiba hata mche mmoja wa sabuni! Alikuwa anamfanyia mwenzie kazi, na mwenzie kamkana mchana kweupe!

Damu ikanichemka. Nikachapisha, nikaingia kwa Meneja. Mkongwe akaitwa.

"Soma hapo," nikamsukumia karatasi. "Soma kwa sauti!"

Akaisogeza karibu na uso. Akaisogeza mbali.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Haya ndiyo maduka aliyoniingilia."

Meneja akakunja uso. "Mzee, hapo juu pana jina lako. Kwa herufi kubwa."

Mzee alikuwa anatazama pembeni yangu kabisa, mahali ambapo sikuwepo...

Mkongwe alikuwa haoni!

Wakamwachisha kazi siku hiyohiyo. Mume wangu akaitwa arudi. Nikakimbia nyumbani, moyo mweupe.

"Umerudishwa! Nimemuumbua yule mnafiki!"

Akakaa chini. Hata alipomzika baba yake sikumwona akilia. Siku hiyo alilia.

"Mimi ndiye niliyemwambia tangu mwanzo, ikigundulika, anikane."

"Nini?!"

"Alitaka kusema ukweli, nikamkataza. Mimi bado nina nguvu, nitapata kibarua kwingine. Yeye macho yanazima, nani atamwajiri? Alibakiza kidogo tu astaafu kwa heshima yake..."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Aliniapisha. Hata mkewe alikuwa hajui."

Nikajifunga kanga, nikamwambia twende kwa Mkongwe.

Tulikwenda kwake. Mkewe alitufungulia, macho yamevimba. Mkongwe alikuwa kwenye kochi, akageuza uso kufuata sauti ya viatu vyangu.

Nikapiga magoti. "Shemeji, nisamehe. Sikujua..."

Akanitafuta kwa mkono hewani mpaka akanipata begani.

"Usilie, shemeji. Ripoti yako haikuwa na kosa."

Heri angenitukana!

Siku hizi eneo lake kapewa mume wangu. Anasema kila duka wanamuuliza, "Mkongwe yuko wapi?" Akirudi nyumbani anakula kimya, analala.

Ndugu yangu unayenisoma, kompyuta itakuonyesha mtu alikwenda wapi. Alichokifuata huko, muulize mwenyewe. Na mtu anayekupenda akikuomba uachane na jambo, kaa naye kwanza, mpe nafasi... kabla hujalipeleka ofisini.