Shingo ya Dishon na Mbuzi wa Mwongeli

"Toa hiyo skafu."

"Nasikia baridi, Mwongeli."

"Baridi ya wapi? Ni Januari, saa saba mchana, hapa Komarock hata mabati yanatoa jasho. Toa nione."

"Kuona nini tena? Si uliona juzi?"

"Juzi ilikuwa ndimu. Nataka kujua kama imefika embe."

Dishon Mulongo akaishika skafu kwa mikono miwili, kama mama anayelinda kibeti chake sokoni Muthurwa.

Kama humjui Dishon, ni dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Malaba, kilo mia moja na kumi bila viatu. Husimulia mwenyewe kwamba breki zilimkatikia kwenye mteremko wa Salama akauteremka wote huku akimenya chungwa. Husimulia pia habari za simba aliyelala katikati ya barabara kule Tsavo. Dishon akashuka, akamkaripia, na simba akaomba radhi. Sijui kama aliomba kwa Kiswahili. Ninachojua ni kwamba shujaa huyo alikuwa na uvimbe shingoni tangu Juni, na kilichomtetemesha duniani ni msichana wa kilo hamsini mwenye sindano.

"Nikienda nitaambiwa ni ile kitu," akasema.

"Kitu gani? Kitaje."

"Sikitaji. Ukikitaja kinakuja."

"Na usipokitaja kinarudi kwao?"

"Mwongeli, nimesema sitaki kusikia!"

"Umepaka vitunguu saumu, ukanuka kama pilau. Umepaka mafuta ya taa, nikaogopa kuwasha kiberiti karibu nawe. Kilichobaki ni daktari tu."

"Nitaenda kesho."

Mwongeli akacheka, lakini cheko lenyewe halikuwa na furaha hata chembe.

"Kaka yangu Wathome naye alikuwa na kesho nyingi. Tulimzika, kesho nyingine zikabaki mezani. Dishon, mimi sikuolewa ili nikae matanga kabla ya maiti."

Akaingia chumbani, akatoka na begi. Jioni hiyo alikuwa Donholm, kwa mjomba wake, Mzee Nzivo, mchonga vinyago, mtu wa maneno machache na patasi kali.

Wiki tatu zikapita, mapenzi yakabaki kwenye simu.

"Mpenzi, uvimbe umepungua, sasa ni kama njugu," Dishon akaandika.

"Tuma picha," Mwongeli akajibu.

Baada ya saa nzima picha ikafika. Ilikuwa waridi jekundu lenye umande.

"Hilo ni ua," Mwongeli akaandika. "Niliomba shingo."

Mwongeli akaiweka simu mezani, akaenda kumtafuta mjomba kwenye banda lake la kuchongea.

"Mjomba, nimechoka."

"Umechoka kiasi gani?"

"Kiasi cha mbuzi."

Mzee Nzivo akaweka patasi chini.

Jumamosi saa nne asubuhi, watu wa ile ploti ya Komarock waliona maajabu. Wazee watatu wenye kofia walikuwa wakipanda ngazi kwenda orofa ya tatu, na mbele yao beberu mweusi, mnono, anayepanda kwa heshima zake kama mpangaji aliyelipa kodi. Dishon alikuwa sebuleni na rafiki yake Kiarie, mwenye duka la chini.

"Karibuni wazee! Mzee Nzivo! Na huyu mgeni mwenye pembe je?"

"Dishon, tumekuja na neno."

"Kama ni neno baya, mzee wangu, liache pale chini dukani kwa Kiarie."

"Mwongeli ametutuma na huyu mbuzi. Sasa kabla hatujakukabidhi..."

"Usiseme! Nimeelewa. Mwanamke hamtumii mwanamume mbuzi kama hampendi. Amesikia nimekonda."

"Hujaelewa. Kuna sharti..."

"Masharti ni ya benki, mzee! Sisi ni familia. Kiarie, wape wazee soda."

Mzee Nzivo akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Kijana, nimefungua mdomo mara tatu. Utanisikiliza ama hunisikilizi?"

"Mzee, mimi na habari tumekosana mwaka mzima. Wewe kunywa soda. Mbuzi nimempokea, tena kwa mikono miwili!"

Mzee Nzivo akawageukia wenzake.

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Amesema mikono mingapi?"

"Miwili."

"Haya. Twendeni."

Soda hawakuzigusa. Inasemekana mmoja wao alicheka sana pale kwenye ngazi hata ikabidi akae chini na kupepewa kwa kofia yake mwenyewe.

Saa nane mchana yule beberu alikuwa juu ya makaa kwenye paa la nyumba. Kiarie alikuwa ameshapika mutura, ile soseji ya matumbo, na Dishon alikuwa amefunga skafu mpya ya sherehe, anatafuna na kuhubiri.

"Mwanamke ukimkazia, boss, anarudi mwenyewe. Tena na nyama!"

Hapo ndipo Mativo, jirani wa mlango wa pili, karani wa bohari moja huko Industrial Area, alipopanda juu akifuata harufu. Akanawa mikono, akanyoosha kidole kwenye ubavu.

"Sikukuu gani hii, jirani?"

"Mwongeli ameniletea mbuzi! Kwa mkono wa mjomba wake."

Kidole cha Mativo kikasimama hewani.

"Mjomba alikuja peke yake?"

"Na wazee wawili wa kofia."

"Wakakuuliza kama umempokea?"

"Sana! Nikasema kwa mikono miwili."

Mativo akaurudisha mkono wake mfukoni, ukiwa bado na maji.

"Jirani, wewe ni Mluhya, nitakueleza polepole. Kwetu Ukambani mbuzi wa hivyo ana jina, mbui ya ulee. Mbuzi wa kukataa. Mke akikuchoka, watu wake wanakurudishia mbuzi. Ukimpokea mbele ya mashahidi, ndoa imekwisha."

"Ai! Mimi nimempokea tu."

"Umemla."

"Kidogo."

"Mkononi umeshika figo."

Dishon akaitazama ile figo.

"Jirani, umekula talaka yako," Mativo akasema, "na vidole umelamba."

Kiarie akaacha kutafuna.

"Na mimi niliyekula matumbo? Mke wangu ni wa Murang'a. Hiyo inanihusu?"

Dishon alikuwa ameshashika simu, na mafuta ya mbuzi yaliteleza kwenye kioo mpaka akabonyeza jina la Mwongeli mara tano.

"Mwongeli!"

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mume wako!"

"Sina mume. Nilikuwa naye mpaka saa nne asubuhi."

"Mjomba wako hakunieleza kitu!"

"Alifungua mdomo mara ngapi?"

Dishon akafuta mafuta kwenye simu kwa ncha ya skafu.

"Mara ngapi, Dishon?"

"Tatu."

"Unajua alikuwa na neno gani? 'Dishon, teksi iko chini. Ukishuka nasi sasa hivi uende hospitali, mbuzi anarudi Donholm, na Mwongeli anarudi nyumbani kwake.' Basi. Hayo tu."

"Teksi ilikuwa chini?"

"Na mimi nilikuwa ndani, na nguo zako za kubadilisha mapajani, iwapo wangekulaza. Wazee wakashuka bila wewe, bado nikakaa nusu saa. Nikasema labda anatafuta viatu. Halafu nikanusa mkaa."

"Mwongeli..."

"Nikamwambia dereva atoe gari."

Pale juu ya paa upepo ukaligeuza jivu. Dishon akatafuta neno lake la siku zote, lile la "sitaki kusikia", akaona limechelewa.

"Nikienda Jumatatu, utarudi?"

"Nani amesema habari ya kurudi? Shingo ni yako. Ukitaka ifike nazi, ikuze."

"Basi nisindikize tu. Siwezi kusikia peke yangu."

Mwongeli akavuta pumzi ndefu.

"Nitakuja. Na usidhani nakuja kukushika mkono. Nakuja kuhakikisha umesikia."

Jumatatu Dishon akapigwa picha ya kifua, kisha akatobolewa shingo kwa sindano isiyofika urefu wa kidole. Alipiga yowe ambalo watu wa Njiru, nasikia, walidhani ni treni na wakakimbilia stesheni. Siku kumi baadaye walikuwa kwenye benchi wakingoja majibu. Dishon upande huu, Mwongeli upande ule, na katikati yao nafasi ya kutosha kwaya.

Nesi akatoka na faili. Beji yake ilisema Truphena.

"Dishon Mulongo!"

Dishon akageuka nyuma, kama mtu anayemtafuta Dishon mwingine.

"Dishon Mulongo!"

"Ametoka kidogo, sista," Dishon akasema.

"Ndiye huyo," akasema Mwongeli. "Anajitafuta."

Ndani walimkuta Daktari Magan, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Bwana Mulongo, majibu yametoka. Una..."

"Daktari, ngoja!"

Mkono wa Dishon ulikuwa umeshapaa. Akamtazama Mwongeli. Mwongeli hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiutazama ule mkono, kama mtu anayetazama mende kwenye sukari. Dishon akaushusha polepole, akaukalia.

"Sema, daktari. Mpaka mwisho."

"Una kifua kikuu. Kimekaa kwenye tezi za shingo, mapafu yako ni mazima. Dawa kila siku kwa miezi sita, utapona."

"Si... si ile kitu?"

"Si saratani."

Mwanamume wa kilo mia na kumi akalia kwa kwikwi.

"Unalia nini?" Mwongeli akafoka. "Miezi minane umetukalisha roho juu kwa ugonjwa wa vidonge!"

"Sijamaliza," daktari akasema. "Huo uvimbe umeshatunga usaha. Utapasuka, na kovu halitaondoka. Ungekuja Juni, leo ungekuwa umesahau. Na aliyeishi nawe nyumba moja apimwe."

"Mimi si mke wake," Mwongeli akasema.

"Sikuuliza hilo. Umeishi naye?"

"Miaka tisa."

"Basi utapimwa leo."

Mwongeli akainuka akaenda kama mtu anayekwenda kununua sukuma wiki. Dishon ndiye ambaye hakuweza kukaa. Kwa saa mbili alitembea huku na huku ukumbini, skafu ameivua, shingo nje, anamezwa na wazo ambalo miezi yote ile halikumpitia hata mara moja. Kwamba mle ndani ya nyumba hakuwa akipumua peke yake.

Daktari alipotokea, Dishon alimfikia kwanza.

"Sema yote, daktari. Usinifiche hata nukta."

"Yuko salama. Hana kitu."

Dishon akaketi sakafuni palepale, katikati ya njia ya machela.

"Simama," Mwongeli akasema nyuma yake. "Unachafua suruali, na hakuna wa kukufulia."

Dirishani pa dawa, Truphena akafungua kadi mpya.

"Lazima kuwe na mtu wa kukusimamia, aone ukimeza. Wako ni nani?"

"Mke wangu, Mwongeli," Dishon akasema haraka.

"Futa mke," Mwongeli akasema. "Jina liache."

"Sasa hapa kwa uhusiano niandike nini, mama? Rafiki?"

"Rafiki ni mtu unayemheshimu."

"Jirani?"

"Mimi nakaa Donholm."

"Mama, foleni ni ndefu."

"Paache wazi."

Kuanzia kesho yake, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa Dishon ukawa unagongwa. Tajiri wake alikuwa amemhamishia lori la kuzunguka mjini, hivyo hakuwa na kisingizio cha safari.

"Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, kwaheri."

Chai hakunywa, kiti hakukigusa. Mwezi wa pili uvimbe ukapasuka. Mwongeli akawa anausafisha kwa maji ya chumvi, na kwa kila pamba aliyochovya alikuwa na tusi jipya, hata Mativo akawa anafungua dirisha lake ajifunze. Mwezi wa nne akakaa kitini, akaonja chai, akasema haina tangawizi. Kesho yake ilikuwa nayo. Mwezi wa tano Dishon akapeleka mbuzi watatu Donholm kuomba radhi, akamsikiliza Mzee Nzivo kwa saa tatu na nusu bila hata kukohoa. Mzee alikuwa amemaliza la maana dakika ya kumi. Zilizobaki alizisema kwa raha zake.

Agosti ikafika. Wakaenda kufunga matibabu. Daktari akabonyeza shingo, akaridhika. Lilikuwa limebaki kovu refu chini ya taya, jekundu, na Dishon alikuwa na shati la kola wazi.

Truphena akaitoa kadi.

"Umepona, Bwana Mulongo. Lakini siwezi kuifunga hii kadi. Hapa kwa uhusiano bado pako wazi."

Dishon akafungua mdomo. Mwongeli akamtupia jicho. Dishon akaufunga, akangoja, masikio mbele.

Mwongeli akalitazama lile kovu kwa muda, halafu akaitazama ile kadi.

"Andika mke," akasema.

Truphena akachukua kalamu.

"Si hiyo," Mwongeli akamzuia. "Andika kwa penseli."