Kangaga la Marehemu Belmira

Asubuhi hiyo lile kangaga jipya lilikuwa likidondosha maji, na hakuna aliyekuwa amelimwagilia.

Ivonete akachovya kidole kwenye kidimbwi sakafuni, akanusa. Maji yalinuka mshumaa uliozimwa. Akajiambia ni ukungu tu, maana hapa Pedra Miúda ukungu hushuka mlimani ukaingia hadi jikoni, akarudi kuangalia mikate yake ya jibini isije ikaungua.

Hakuna mtaani kwetu asiyeyajua makangaga ya Ivonete. Yalining'inia vyunguni baraza nzima, majani yamemwagika kama nywele za bibi harusi, naye akiyanyunyizia, akiyakinga jua, akiyasemesha. Kila moja alikuwa ameliiba. Hapo msimtazame vibaya. Kwetu mche wa kupewa hufa na wa kuibwa hushika, ndivyo tulivyolelewa, na hata mpishi wa padri hutembea na mkasi mkobani.

Lakini hili alikuwa ameliiba msibani. Wenzake walipokuwa wakisali rozari kwenye jeneza la bibi Belmira, yeye alitoka barazani na kikombe chake cha kahawa, akakata mzizi mmoja, ile mizizi yenye manyoya inayotambaa nje ya chungu, akautia mkobani.

"Shoga, umemwibia maiti?" Lindaura, jirani yake, alishika mdomo alipoonyeshwa. "Wewe hata haya huna!"

"Haya ya nini? Huko aliko atalimwagilia?"

Wakacheka mpaka machozi. Wezi wote wa mtaa wetu walikuwa wakiwaibia walio hai, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Kangaga lilishika upesi kupita kiasi. Ivonete alilitundika karibu na kitanda cha Tainara, mjukuu wake wa miaka sita, aliyeachiwa na binti yake anayefanya kazi mji mkuu. Alasiri moja ya mvua alimsikia mtoto akinong'ona.

"Unaongea na nani, mjukuu wangu?"

"Na bibi mwenye kiu."

"Anasemaje?"

"Anasema ulimchukua bila kumwambia mnakwenda wapi."

Ivonete akamvuta mtoto mbali na chungu. Jioni, akimwogesha, aliona vidoti vya kahawia mgongoni mwa mtoto, vimejipanga safu mbili kando ya uti wa mgongo, sawasawa na vile vilivyo chini ya jani la kangaga, akavisugua kwa sabuni, ukatoka unga kama wa kahawa lakini vidoti vikabaki palepale, akasugua tena huku mtoto akilia na pumzi yake ikinuka mshumaa uliozimwa, mpaka mikono yake mwenyewe ikamwishia nguvu.

Akalitupa kangaga bondeni. Asubuhi lilikuwa kwenye msumari wake, linadondosha. Akalitia moto, nalo halikushika hata cheche, ila ndani ya nyumba Tainara akapiga yowe kwamba anaungua.

Ndipo akaitwa Mama Eufrásia, anayeombea watu kwa matawi ya majani machungu. Alimpitishia mtoto tawi mgongoni, na kabla hajamaliza sala majani yote yakapukutika.

"Lilikuja kwa kuibwa," alisema kwa sauti ya chini, "litaondoka kwa kuibwa. Halitupwi, wala hapewi mtu."

"Na huyo atakayeliiba, mama?"

"Akimwibia aliye hai, marehemu atalala. Mradi amwibie kweli."

Ivonete akalitundika langoni, akajifungia ndani, akaomba. Lindaura, aliyelimezea mate tangu siku ya kwanza, alipita nalo mchana kweupe. Ivonete alilia kwa furaha. Kesho yake Lindaura akaja amefura.

"Kama ulilitaka si ungesema! Unaingiaje kwangu kama mwizi?"

"Sikuingia kwako, shoga. Naapa."

Wote wawili wakageuka. Lilikuwa kwenye msumari.

Mama Eufrásia aliposimuliwa, aliuliza neno moja tu. "Ulitamani liibwe?"

"Kwa roho yangu yote."

"Basi hukuibiwa, mwanangu, ulimpa. Lipende. Lipende kweli, mpaka ukiliwaza limekwenda moyo ukuume. Siku ya kuliiba tutaijua mimi na Lindaura, wewe hutaambiwa."

Nani anaweza kujilazimisha kupenda kinachomla mtoto wake? Ivonete alijaribu. Alilinyunyizia huku akijiuma midomo, akalifuta majani moja moja, akaliita mwanangu, naye Tainara akizidi kukonda, hataki tena chakula ila maji, vidoti vimeshafika shingoni, na majani yakizidi kung'aa, mazuri, mazuri kuliko yote aliyowahi kulea, hata akawa akiamka huenda kwanza kuliona hilo kabla ya kumfunika mtoto, na mwisho akawa anasahau kumfunika.

Lindaura alikuja siku ya mvua, bila kubisha. Alikuta Ivonete anasaga kahawa, akanyata hadi chumbani, akakishika chungu kwa mikono miwili. Hakufika mlangoni. Vidole vya Ivonete vilimbana kifundo cha mkono mpaka akaguna.

"Usiguse!"

"Ivonete, niachie. Huu ndio wakati wenyewe."

"Nimesema usiguse changu!"

"Shoga yangu, tafadhali," Lindaura alinong'ona, machozi yakimtoka. "Ni kwa ajili ya mtoto."

Ivonete alikipakata chungu kifuani, mizizi yenye manyoya ikajilaza taratibu juu ya mkono wake. Alimtazama rafiki yake kwa mshangao wa kweli.

"Mtoto gani?"

Nyuma yao Tainara alikuwa amesimama mlangoni, anadondosha maji sakafuni.