Vumbi la Darini

Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa akina Nerys mjini Merthyr, mama hukaanga mayai huku baba akisikiliza habari za raga redioni. Jumamosi ile baba hakuwasha redio. Alisimama ukumbini, mkono mmoja kashika ngazi, mwingine ufagio.

"Leo nasafisha dari," alisema. "Kabla ya Krismasi binti yangu atakuwa na chumba chake huko juu!"

Nerys, msichana wa miaka kumi na miwili, aliacha kula. Jana yake, wazazi wakiwa kazini, alipanda darini bila ruhusa ili apime mahali pa kuweka kitanda. Akajikwaa kwenye bomba kuukuu. Kitu cha kijivu kilicholizunguka, mfano wa plasta iliyochanganywa na sufu, kikapasuka na kumwagika. Alishuka mbio, akanyamaza.

Sasa maneno ya mwalimu wa sayansi yalimrudia: nyumba za zamani huwa na asbesto, nyuzi zake hazionekani, na zikiingia mapafuni hukaa humo. Usiiguse wala usiifagie.

Akisema, atagombezwa, na huenda chumba kikaota mbawa. Lakini baba alikwisha kuanza kupanda.

"Baba, shuka!" Nerys aliikumbatia ngazi.

"Ala! Kulikoni?"

"Nadhani kuna asbesto. Jana nilipanda, nikaivunja."

Baba alicheka. "Vumbi tu hilo, mwanangu."

"Hata marehemu baba yako kule kiwandani alisema ni vumbi tu," mama alimwambia mumewe kutoka jikoni. "Mpaka pumzi ikamwishia."

Kicheko kilikatika. Baba alishuka, akafunga mlango wa dari, akawapigia simu wataalamu. Nguo za Nerys za jana zilitiwa katika mfuko wa plastiki na kufungwa, na familia ikahamia kwa shangazi.

Vipimo vilithibitisha: ilikuwa asbesto. Mafundi waliovaa mavazi meupe na barakoa waliziba dari kwa plastiki, wakailowesha asbesto kwa maji, wakaitia katika mifuko ya tabaka mbili na kuitoa nje. Hewa ilipopimwa na kuonekana safi, kiongozi wao, Bi Delyth, aliwaruhusu kurudi.

"Kwa muda mfupi ule uliokaa darini, hatari ni ndogo, usikose usingizi," alimwambia Nerys. "Ila ufagio ungeisambaza nyumba nzima."

"Kwa hiyo sikukosea?" Nerys alimtazama baba.

"Ulikosea kupanda, ukakosea kunyamaza. Mimi nami nilikosea kucheka." Baba alimshika bega. "Lakini uliposema, ulituokoa. Kosa likisemwa, huondolewa. Likifichwa, nyumba nzima hulivuta puani. Haya, shika ncha hiyo ya kitanda, tukipandishe."