Povu Katika Tangi la Maji Safi

Maiti ya Eulalia Tzunún ilielea kifudifudi katika tangi la maji safi la uwanja wa madobi, povu limemfunika hadi masikioni kama keki ya harusi. Juu yake, kwenye bango kubwa kuliko nyumba, Eulalia yuleyule alicheka na shuka jeupe mkononi: BLANKORA, SABUNI KUTOKA NG'AMBO. LAINI KAMA MKONO WA MAMA.

Uzinduzi wa sabuni hiyo ulipangwa kuanza saa nne. Sasa ilikuwa saa moja asubuhi.

"Kesi imekwisha, afande," Sajini Mazariegos alisema, kifua mbele. "Nimemtia pingu Chabela, dobi mwenzake. Jana alimwambia hapa hapa, nitakuzamisha wewe na bango lako."

"Umemkamata kabla hujamtoa marehemu majini?" Inspekta Otilia Coyoy aliuliza.

Sajini akakohoa.

Marehemu akatolewa. Otilia akachutama. Kisogoni, jeraha. Viganjani ngozi ilikuwa imebambuka, lakini hayo yalikuwa majeraha ya siku nyingi. Chini, paketi tatu tupu za Blankora.

Chabela alikuwa garini, pingu mikononi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja; akipatikana na hatia, angefia jela.

"Ulimwua?"

"Nilimtukana. Siku hizi kutukana ni kuua?"

"Ulisema utamzamisha."

"Mwanangu, ningemzamisha kwenye karo langu la kufulia! Maji ya tangi tunayachota kwa bakuli. Hata soksi haiingii humo, sembuse sabuni. Mama yangu angefufuka anichape."

Otilia, mtoto wa dobi, alikuwa amechapwa kwa kosa hilo hilo.

Akamwita Fabricio Lemus, meneja wa kampeni ya Blankora, aliyetumwa kutoka mji mkuu. Nywele zilimng'aa kwa mafuta.

"Pole kwa msiba," Otilia alisema.

"Asante. Tutafunga utepe mweusi kwenye bango. Watu watalia, watanunua."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hotelini."

"Na nani?"

"Na supu."

Otilia akampa leso yake. "Hebu nionyeshe sabuni yako. Nifulie."

Lemus akatabasamu kama yuko kwenye televisheni. Akainyunyizia leso unga wa sabuni, akaenda kwenye tangi la pili, lililokuwa bado safi, akaizamisha. Pwaa!

Madobi wakapiga yowe kama amemzaba mtoto kofi.

"Hapa hata muuaji wa kwetu angechota kwa bakuli; ni mgeni tu angetia sabuni tangini," Otilia alisema. "Sajini, kalete koti lake la jana. Litakuwa limelowa hadi viwikoni."

Tabasamu likadondoka. Lemus akakaa chini, kwenye matope, na suruali yake ya bei.

"Sabuni ilimla Eulalia mikono," alisema. "Aliomba glavu za kuvaa jukwaani, aifiche. Mama wa Blankora kavaa glavu! Ningechekwa nchi nzima. Nikakataa. Akasema basi, atapanda na mikono yake hivyo hivyo, watu waione."

"Ukamsukuma."

"Akapiga kisogo ukingoni."

"Alikuwa anapumua?"

Lemus akayatazama matope.

"Nimekuuliza, alikuwa anapumua?"

"Aliniomba nimwinue. Nikamwinua. Nikamtia ndani, nikamshikilia. Kisha nikamwaga sabuni, ionekane aliteleza akifua."

Sajini akamfungua Chabela pingu, macho yake yakitazama kwingine.

"Glavu?" Chabela aliuliza, akisugua vifundo vya mikono. "Ninazo jozi mbili kikapuni. Jana nilikuwa nazo hapa hapa."

Akakitazama kikapu chake.

"Na mikono yake niliiona. Nikasema moyoni, acha imbambuke, si amejifanya malkia."

Akaenda kumfunika mwenzake shuka.