Aliyeosha Vikombe

Vikombe vilikuwa vimeoshwa, na hilo ndilo lililomsumbua Nesi, kwa sababu bomba la jikoni lilikuwa limekatwa tangu juzi.

Alisimama mlangoni, mkoba begani, viatu vya kazini vikimbana vidole, akavitazama. Vilikuwa vimeinamishwa kifudifudi juu ya ubao ambao Fundi aliuweka kwa muda mahali pa sinki, na kila kimoja kilikuwa na tone la maji likining'inia ukingoni. Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, na mtu aliyekesha akigeuza wagonjwa hana nguvu ya kuuliza maswali. Akasema moyoni kwamba labda Fundi ameleta maji kwa ndoo. Akaenda kumsalimia baba yake, akamkagulia dawa zake, kisha akajibwaga kitandani kama gunia.

Mtaa mzima ulimwita Nesi, hata baba yake alipotaka kumtania. Waliishi wawili tu katika nyumba ile ya zamani. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na miguu ilishamsaliti. Jiko lilikuwa jembamba kama korido: makabati upande mmoja, sinki na jiko la gesi upande wa pili, dirisha dogo kule mwisho. Wakikutana watu wawili humo, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Maji yaliyovuja kwa miaka yalikuwa yameozesha makabati, na huko nje rangi ilibanduka kama magamba. Kaka yake, aliyekaa mbali, alipiga simu akasema, "Jiko lijengwe upya, na nje kupigwe rangi. Watu wasiseme tumemtelekeza mzee. Wewe simamia tu." Nesi aliikata simu akicheka peke yake kwa ajili ya hilo neno "tu".

Basi mafundi wakaja. Wa ndani alikuwa mwashi mnene mwenye maneno machache, na ndiye aliyeitwa Fundi. Wa nje alikuwa mpaka rangi, ambaye yeye maneno yalimzidi. Kutwa alikuwa juu ya ngazi akikwangua ukuta na kumsemesha kila apitaye.

Siku Fundi alipong'oa kabati la mwisho, karibu na dirisha, aligonga ukuta na ukaitikia kama debe tupu. Plasta ikaporomoka yenyewe. Nyuma yake palikuwa na shimo la kimo cha mtu aliyechuchumaa, jeusi kwa masizi, kama meko ya kale ambayo mtu aliyaziba kwa haraka. Harufu ya moshi uliopoa ilitoka humo, na ndani yake harufu nyingine, ya maziwa yaliyoungua.

"Hapa mimi sipapendi, dada," Fundi akasema.

Nesi alikuwa hajalala. Vumbi lilikuwa kwenye nywele, kwenye chai, kwenye shuka za mzee. Akainama, akachungulia gizani, akasema kwa utani wa mtu aliyechoka, "Kama kuna mtu humo ndani, atoke anisaidie kazi. Mimi nimeishiwa."

Fundi alicheka kidogo, cheko la nusu. Kisha akatundika nailoni mbele ya lile shimo na kutoka nje kuvuta sigara.

Asubuhi iliyofuata ndipo vikombe vilipooshwa.

Baadaye ikawa sakafu. Nesi alikuwa akirudi na kukuta vumbi la saruji limefagiwa hadi pembeni. Ikawa nguo za mzee, zimekunjwa vizuri kuliko anavyokunja yeye. Alimuuliza Fundi, na Fundi akamwonyesha mwiko wa plasta mkononi. "Dada, na hii mikono nikunje nguo?"

Nesi hakuuliza tena. Ukweli ni kwamba hakutaka kujua. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake afariki alikuwa analala mchana kutwa, usingizi mzito usio na ndoto, na mtu aliyeonjeshwa usingizi wa namna hiyo hauachi kwa hiari. Alipoamka, baba yake alikuwa ameshaogeshwa, ameshalishwa, amekaa kwenye kiti chake na shali mabegani.

"Umekula, baba?"

"Si umenilisha sasa hivi?" mzee akajibu. "Umekuwa mpole siku hizi."

Neno hilo lilimchoma, lakini akalimeza.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa mpaka rangi. Nesi alikuwa akifungua geti, macho mekundu kwa kukesha, naye akamwita kutoka juu ya ngazi.

"Nesi, wewe unalala saa ngapi? Kutwa nakusikia jikoni unaimba-imba."

"Uliniona?"

"Nimeuona mgongo, na hiyo sare yako nyeupe. Nakusalimia hugeuki. Nikasema labda nimekukosea." Akashuka ngazi mbili tatu, akapunguza sauti. "Tena njoo uone. Ukuta wote umekauka isipokuwa kuzunguka hili dirisha la jikoni. Nimerudia rangi mpaka nimechoka. Haishiki. Iguse."

Nesi akaigusa. Ilikuwa mbichi, na ilikuwa ya moto.

Akaingia ndani moja kwa moja hadi kwa baba yake, na safari hii alimtazama kama nesi amtazamavyo mgonjwa. Shati lilimpwaya. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama. Pembeni mwa midomo palikuwa na ukoko wa kijivu. Alipoufuta kwa kidole gumba ulikwaruza kama mchanga. Alikinusa kidole, akaitambua mara moja harufu ya saruji, maana alikuwa ameizoea vizuri wiki zile.

Siku ile hakulala. Mafundi walipokwenda kula mchana, alijilaza juu ya kitanda na nguo zake zote, mlango ukiwa wazi kidogo, akasubiri. Nyumba ilikuwa kimya. Kisha akasikia maji yakichuruzika jikoni, mahali ambapo hapakuwa na bomba, na baada ya maji ikaja sauti ya mwanamke akivumisha wimbo puani, taratibu, na nywele zikamsimama kwa sababu sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. Akainuka, akatembea peku akiushika ukuta, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikazidi kila alivyokaribia, ikamkaa kooni kama kitambaa, mpaka akafika kwenye kizingiti cha jikoni na kumwona amesimama kule mwisho, amempa mgongo, ndani ya sare nyeupe iliyopigwa pasi, akiikoroga ndoo ya plasta ya Fundi kwa mwiko wa ugali, na mikono yake ilikuwa mirefu, mirefu mno, kiasi kwamba viwiko viligusa kuta zote mbili, na bila kusogeza mguu hata hatua moja mkono mmoja ulinyooka, ukapita juu ya kaunta mpya, ukapita juu ya zana za Fundi, ukaja, ukaja hadi kwenye bakuli la mzee lililokuwa karibu kabisa na tumbo la Nesi, ukalichukua kwa upole na kurudi nalo.

"Rudi ukalale," kile kitu kikasema kwa sauti yake, bila kugeuka. "Umechoka."

Na kilichomtisha kuliko vyote, hata alipokuja kusimulia baadaye, ni kwamba miguu yake ilitii. Alitaka kupiga kelele, alitaka kukimbilia chumba cha baba yake, lakini miguu ilimgeuza na kumrudisha kitandani, na usingizi ukamfunika akiwa bado analia.

Alipozinduka, jua lilikuwa limeinama. Alimkuta Fundi barazani, akamsimulia kwa kunong'ona, kama mtu anayeogopa kuta. Fundi hakumbishia.

"Mimi nilijua," akasema. "Kila nikichanganya plasta inapungua. Kuna mama mmoja namfahamu. Namleta leo hii."

Mama huyo aliitwa Mama Ubani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye magoti mabovu, na aliingia akilalamikia ngazi za mlangoni. Hakutaka mbwembwe. Aliomba jiko dogo la makaa na kiti. Akakaa katikati ya jiko lile jembamba, ubani ukifuka miguuni pake, akasoma dua zake kwa sauti ya chini hadi nailoni iliyoziba shimo ikaanza kuvuta pumzi, ikiingia na kutoka.

"Huyu hakuvunja mlango," akasema. "Ameitwa. Nani amemwita?"

Nesi akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Basi, mwanangu, mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mtu. Mwambie mwenyewe kwamba humhitaji. Na usimdanganye. Wanaujua uongo."

Nesi akaukaribia ukuta. Nyuma yake baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kule chumbani. "Sikuhitaji," akasema. "Toka."

"Muongo," sauti yake ikamjibu kutoka shimoni.

Fundi akarudi nyuma hadi mlangoni. Mama Ubani hakuinua macho.

"Nani atamgeuza?" sauti ikaendelea, laini, ya kubembeleza. "Nani atamwosha? Nakufanyia kazi zote. Hata ile uliyoiomba ukiwa umejifungia bafuni, ukafungua maji ili asikusikie. Ulisema, laiti angepumzika. Hakuwa yeye uliyemwonea huruma. Mimi sijakosea. Nimebakiza kidogo tu."

Nesi akajishikiza kwenye kaunta. Hakuna aliyejua neno lile. Alilisema mara moja tu, usiku mbaya, na kulizika. Sasa Fundi amelisikia, na Mama Ubani amelisikia, na labda mzee naye. Alitaka kukana, na akaona kwamba akikana ndio basi.

"Nilisema," akajibu polepole. "Ni kweli nilisema. Nimechoka, na kesho nitachoka, na huenda nikalisema tena. Lakini ni baba yangu. Kuchoka ni kwangu na kazi ni yangu, wala sikupi hata kijiko. Toka nyumbani kwetu."

Nailoni ikachanika kuanzia juu hadi chini, kitu kikapita kati yao kwa joto la mlango wa tanuri ukifunguliwa, kioo cha dirisha kikapasuka, na huko nje ngazi ikaanguka kwa kishindo. Mpaka rangi alipokimbia kutazama, alikuta kwenye rangi mbichi, kutoka dirishani hadi chini, michirizi mirefu ya vidole, kama ya mtu aliyeshuka akijishikilia. Hapakuwa na nyayo kwenye mchanga.

Fundi aliliziba shimo kwa tofali na saruji jioni ile ile, bila kudai chochote cha ziada. Mzee alilazwa hospitalini, wakamsafisha tumbo, na daktari akaandika kwamba wazee wengine hula udongo. Nesi aliliacha hivyo.

Jiko lilipokamilika lilipendeza. Makabati meupe, vigae vinang'aa, na kaunta imepunguzwa ili kiti cha magurudumu cha mzee kipite. Nje, rangi ya maziwa ilikauka sawasawa, na majirani wakasimama getini kusifia. Kaka yake akatumiwa picha, akasema kazi nzuri.

Mzee alirudi mwembamba. Asubuhi moja Nesi alikuwa akimlisha uji, ametoka zamu, macho yanamfumba.

"Yule mwenzako haji siku hizi," mzee akasema.

Kijiko kikasimama njiani. "Mwenzangu nani, baba?"

"Aliyekuwa akinilisha ukilala."

"Ulijua kwamba si mimi?"

"Macho ndiyo mabovu, mwanangu. Wewe hujawahi kunilisha bila kunung'unika."

Nesi alimtazama yale macho meupe. "Na ule uji wake?"

"Ulikuwa mchungu. Ulikuwa unakwaruza."

"Sasa kwa nini ulikula?" Sauti ilimkatika. "Kwa nini hukuniita?"

Mzee akafikiri kidogo. "Ulikuwa unakoroma. Tangu mama yako aondoke sikuwahi kukusikia ukikoroma. Nikasema, acha alale."

Nesi alipuliza kijiko, ingawa uji ulikuwa umeshapoa, akakipeleka kinywani mwa baba yake.

"Sukari kidogo," mzee akalalamika.

"Sukari, sukari," Nesi akanung'unika, akijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Daktari amekukataza mara ngapi? Wewe mzee hunisikii kabisa."

Mzee akatulia, akafungua kinywa tena.